Neno Lenye Hotuba Haikusema

Makomeno, Lubumbashi

Mama mupenzi,

Nakusalimia sana. Kule Kasai muko namna gani, na magoti yako? Miye niko muzima, ila mukono wa kushoto ulivunjika. Usishtuke, nitakuelezea yote.

Unajua ku masomo nafundisha banafunzi kusoma maandishi ya zamani: bachukue maneno yenye yameandikwa, baonyeshe yanaficha nini. Safari hii niliwapa ile hotuba ya mwanasiasa, yenye ilisomwa hapa mujini wakati ningali mutoto. Wiki yenye ilifuata, bakamuua Baba kwa nyundo ku mulango wetu, bakatusukuma weye na miye mu treni ya Kasai, ati turudi kwetu, hata kama weye ni muzaliwa wa hapa. Banafunzi sikubaambia kitu juu ya ile.

Mireille, binti wa miaka kumi na saba, akasoma kazi yake mbele ya wote. "Bantu ba Kasai anabaita bageni. Halafu anasema kila muntu anajua nyumba zao. Kwa nini ataje nyumba, kama hatumi bantu kule?" Nilimupa alama zote.

Kesho yake babu yake, nkambo vile anamuita, akaingia mu kalasi, karatasi ya Mireille mukononi. Ni muzee murefu, alifanya kazi ku mugodi.

"Ni weye unafundisha mutoto kututukana?"

Nikamuambia aikale. Akanyanyua kiti, akanipiga nacho. Nilikinga kichwa, nikasikia mufupa unakatika. Nikaanguka. Akanipiga tena mugongoni, akanipiga teke la uso, damu ikajaa mu kinywa. Banafunzi bakamushika. Alikuwa anahema.

"Ule mukubwa wa hotuba hakusema hata mara moja tuue. Soma muzuri. Hakusema."

Mireille akamujibu polepole, "Nkambo, hapa hakuna muntu alisema kuua."

Muzee akaachia kiti. "Hakusema," akarudilia, sauti ndogo. "Tulielewa tu."

Nikiwa pale chini, nikamuambia Baba alikufa namna gani. Akatoka.

Mukubwa wa masomo anataka nimushitaki. Sijaamua. Jana Mireille alikuja kunipikia bukari, macho yamevimba. Anasema nkambo wake anauliza wakati ule tulikuwa tunaikala barabara gani. Sikumujibu, Mama. Baba alikuwa bwana wako, ni weye wa kuamua.

Unisalimie dada mukubwa na bana bake, na kaka mudogo, na mama mukubwa mwenye alitupokea ku gare ya treni. Kisha uniambie: nimutajie ile barabara, ao hapana? Naogopa atasema anaijua.

Ni miye binti yako,
Odette