Abendroth wa Rosettenville

Rosettenville, Jumanne

Bado natabasamu mwenyewe. Mhadhiri mmoja Mjerumani chuoni pale Braamfontein alisoma jina langu, Yona Elia Abendroth, akashangaa: "Hata kwetu ni adimu! Maana yake ni wekundu wa jua likizama."

Babu alipewa jina hilo na mchungaji Mjerumani aliyembatiza kule Usambara. Kwa desturi yetu Watanzania, jina la babu likifika kwa mjukuu, safari yake imekwisha. Lakini huku ugenini jina la mwisho hufanywa la ukoo, basi binti yangu Neema naye ni Abendroth.

"Eish, Baba, mimi nalipenda," kaniambia jioni, akitazama mbingu nyekundu juu ya mapaa ya jirani.

Nikatazama naye. Jina la mchungaji limepata warithi. Lile babu alilopewa na mama yake, hakuna anayelijua tena.