Paka wa Kijivu na Dawa ya Viroboto

Jumatatu, 10 Oktoba

Assalamu alaikum, daftari langu. Hujambo? Umeshindaje humo sandukuni chini ya nguo? Mimi sijambo, namshukuru Mola, ila miguu inaniwasha moto. Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema andikeni kila siku, hata kama habari ni ya kitunguu. Leo si kitunguu. Ni viroboto.

Wajukuu zangu wamerudishwa kutoka shule. Wote wawili – Rawya na Dalal, pacha wangu, walioachwa yatima na mwanangu Ibtisam, aliyefariki siku aliyowazaa. Mwalimu wao kaona madoa mekundu toka kifundoni hadi gotini, akasema wasirudi mpaka nyumba iwe safi. Mbele ya wenzao! Rawya kalia njia nzima. Dalal hakulia. Alikuwa anapiga miayo tu.

Nimechemsha mashuka. Nimeanika magodoro juu ya paa. Nimemchana Mishmish, paka wetu wa rangi ya chungwa, viroboto wakadondoka kwenye beseni kama ufuta. Jioni nawaona tena wanaruka juu ya mkeka.

Khayria jirani yangu, ambaye mdomo wake huamka kabla yake, kaniambia kupitia ukutani kwamba namwonea Mishmish bure. Mwenye makosa ni yule wa kijivu, anayepita juu ya paa baada ya isha. Yule ndiye anayeniletea wageni.

Yule wa kijivu. Nikarudi kumchana Mishmish.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimeulizia daktari wa wanyama. Yuko ng'ambo ya mto. Nauli ya pantoni, gari la kukodi, ada ya kumwona tu, halafu ndiyo dawa. Na paka ni wawili! Mahrus, baba yao watoto, anaendesha trekta la watu kwenye miwa. Kalipwa leo, kesho halipwi. Nikamwambia, mwanangu, acha. Nitakwenda kwa Shaaban.

Shaaban anauza chakula cha vifaranga na dawa za njiwa. Nilipomtajia daktari akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema daktari wa mjini atampima paka mapigo, halafu atanipima mimi mfuko. Akatoa kichupa ndani ya boksi lenye picha ya mbwa, akavuta dawa kidogo kwa bomba la sindano, akaziba kwa pamba.

Nikamwuliza, hii si ya mbwa?

"Hajjat, paka ni mbwa mdogo mwenye kiburi. Mtilie kisogoni, mfungie mahali hadi asubuhi asijilambe. Viroboto wataomba radhi."

Boksi lilikuwa na maandishi ya Wazungu. Pembeni palikuwa na kapicha kadogo kamepigwa mstari. Nikadhani ni alama ya kiwanda.

Sasa niandike habari za huyo wa kijivu, maana wewe daftari humjui. Mchana haonekani. Huja wasichana wakishalala. Hutembea juu ya ukuta, huchungulia dirisha la jikoni, haombi kitu. Mishmish humpisha. Mbwa wa Khayria habweki. Na Khayria mwenyewe, anayepiga kila chenye miguu, huuweka ufagio chini na kusema, "Rudi kwenu, binti wa watu, bibi yako atakutafuta."

Kwetu hakuna anayeinua mkono juu ya paka jua likishazama. Ni kwa ajili ya pacha. Mwili wa pacha ukilala, roho yake hutoka ikavaa ngozi ya paka, ikazunguka, ikala, ikarudi kabla hajaamka. Ndiyo maana pacha akizaliwa hunyweshwa maziwa ya ngamia, mlango huo ufungwe. Siku waliyozaliwa hawa tulikuwa tunamkosha maiti mama yao. Shangazi yao kaleta maziwa kwenye kikombe. Rawya akanywa. Dalal akayatema yote.

Shekhe anasema roho zi mikononi mwa Mwenyezi Mungu, basi. Nami naamini hivyo. Naamini hivyo. Lakini paka usiku simpigi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Asubuhi nimeweka mkate wa jua, ule unaoumuka juani, na asali nyeusi ya miwa. Rawya kala. Dalal kausukuma mkate. Nikamwuliza unaumwa?

"Nimeshiba samaki, Bibi."

Samaki gani, sisi hatujapika samaki wiki hii?

"Wa Khayria. Anawaficha kwenye sufuria chini ya ngazi. Juu kaweka jiwe. Lakini jiwe dogo."

Chai haijapoa, mara Khayria yuko ukutani! Samaki wake wa kukaanga, aliowaweka kwa ajili ya mkwewe, wameliwa. Jiwe liko sakafuni. Ana hamu ya kujua kama Mishmish alilala ndani. Nikaapa kwamba Mishmish alilala miguuni pangu, na ni kweli. Rawya kacheka ndani ya mkono wa gauni. Mimi nimemziba Dalal mdomo kwa kipande cha mkate.

Madoa mapya miguuni mwao. Kwenye mashine ya unga nikakutana na mwalimu, akaniuliza mbele ya wanawake kama nyumba imeshakuwa safi. Aibu ikanishuka hadi kwenye visigino.

Basi ni leo. Nikimaliza isha namtilia yule wa kijivu dawa. Paka ni paka.

Ijumaa, 14 Oktoba

Ya Latifu. Niandike kabla mkono haujakataa.

Jana alikuja kama kawaida yake. Nikamwonyesha kichwa cha samaki – nilikinunua makusudi. Hakukitazama. Akanijia mwenyewe mpaka mapajani, yeye ambaye hajawahi kuguswa na mtu. Nikafunua manyoya ya kisogoni, viroboto tele. Nikasema bismillahi, nikasukuma dawa yote.

Akanitazama. Paka akiudhiwa humtazama mtu kwa chuki. Huyu alinitazama kama mtoto anayefungwa kidonda, anayejua inabidi.

Nikamfunika kwa tenga la njiwa uani, juu nikaweka jiwe. Jiwe kubwa, si kama la Khayria. Nikaenda kulala, moyo mweupe.

Baada ya alfajiri nikawaamsha wasichana. Rawya akainuka. Dalal – hapana. Nikamtikisa. Nikampaka maji usoni. Anapumua, ana joto, lakini ni kama nagonga nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nikasoma Ayatul Kursi, nikamwuma sikio taratibu. Hapana! Na vidole vinamtetemeka juu ya shuka.

Rawya alisimama mlangoni pekupeku.

"Bibi, mfungulie."

Nikamwuliza nani.

"Yuko chini ya tenga. Anaogopa giza."

Habari ya tenga sikumwambia mtu.

Sijui nilifikaje uani. Nilipoondoa jiwe, yule wa kijivu akatoka akiyumba, mwili wote unamtetemeka, miguu inamwendea pande nne. Akapita katikati ya miguu yangu akaingia ndani. Nilipofika chumbani hakukuwa na paka. Dirisha lilikuwa wazi, labda alipita pale. Na Dalal ameketi kitandani anaomba chai.

Nikamshika kichwa nimbusu. Kisogo kimelowa. Kinanuka dawa ya Shaaban.

Nikajiambia, ni mikono yako, mwanamke. Uliwafunika watoto usiku hujanawa vizuri. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi. Nimenawa mara ngapi sijui.

Baada ya sala ya Ijumaa nikamfuata Shaaban. Akasema paka akitetemeka ujue dawa imeshika, viroboto wanapiga mateke ya mwisho. Waliokuwapo dukani walicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 15 Oktoba

Dalal kashinda macho, lakini kikombe akikishika kinagongagonga mezani. Mahrus kampeleka zahanati ya kijiji. Wamesema ni upungufu wa damu, ale dengu. Nimepika dengu. Kaenda kulala kabla ya magharibi, chakula hakukigusa.

Haukupita muda, yule wa kijivu akaja. Hakupita juu ya ukuta. Alikuja chini, anajikokota, akaanguka kizingitini. Povu mdomoni.

Mahrus huyacheka sana maneno yetu wanawake. Leo hakucheka. Alimtazama paka, akautazama mlango wa chumba cha binti zake, akavua shali ya mabegani akamfungia ndani yake kama mtoto mchanga.  Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nimempigia yule daktari wa ng'ambo, Daktari Wagdi. Alinikaripia, na nilistahili. Dawa ya mbwa kwa paka ni sumu. Kale kapicha kalikopigwa mstari kalikuwa paka! Kiwanda kinatuambia hapana, nasi tunasoma ndiyo. Akaniuliza sasa naogopa gharama gani tena, mlete upesi, apate joto, asitikiswe sana.

Nikiandika hivi Mahrus yuko kwenye pantoni na shali kifuani. Dalal amelala. Nimempa Rawya tasbihi ashike upande wa pili, tunavuta uradi pamoja. Anaujua kuliko mimi.

Jumapili, 16 Oktoba

Mahrus karudi na shali tupu.

Daktari kamwosha yule paka kwa sabuni ya vyombo, ya ndimu, mara mbili, kumtoa dawa mwilini. Kamchoma sindano. Kamweka penye joto, kwenye kizimba. Nikamwuliza Mahrus kizimba cha namna gani. Akatazama chini. Cha chuma, Mama. Kina kufuli, maana kuna paka wengine.

Dalal hajaamka.

Jua limeshapanda ukuta wote wa uani. Hatetemeki tena. Amelala vizuri, uso umetulia, pumzi inakwenda na kurudi. Ukimwita haitiki. Tabibu wa zahanati kaja, kamfungua macho kwa dole gumba, kasema apelekwe hospitali ya mkoa, tena leo. Mahrus kaenda kutafuta gari.

Khayria kaja na mdomo wake, lakini leo ulikuwa wa kunong'ona. Kanishika kiganja. Kasema tusimsogeze. Roho ikirudi ikakuta kitanda kitupu, itakaa wapi? Itaujuaje mwili ulipokwenda? Nikamwambia shekhe kasema hivi na hivi. Akanijibu kwamba shekhe hakuzaa pacha.

Sijui. Ee Mola, Wewe ndiwe Mwenye kuzishika roho zikilala, na ndiwe Mwenye kuzirudisha. Kama ni ugonjwa wa mwili, kumzuia hapa ni kumwua. Kama ni lile jingine, kumwondoa ni kumwua.

Nimempigia tena Daktari Wagdi. Sauti yake ilikuwa nzuri. Kasema hatari inapungua, paka kaacha kutetemeka tangu alfajiri, amelala usingizi mzito. Nikamwomba afungue kile kizimba. Kidogo tu. Akasema akifungua atatoroka na dawa bado imo mwilini, atafia njiani, lazima amfunge mpaka kesho. Akaniuliza kwa upole kama nataka paka afe.

Nikasema hapana, lakini afungue. Yeye ni msomi, na ni Mkristo, ningeanzia wapi? Lakini kazaliwa huku huku, kwenye maji haya haya.  Akashusha sauti.

"Hajjat. Una pacha nyumbani?"

Nikasema ndiyo.

 Nyuma yake nilisikia chuma kikigongwa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Akasema atanipigia. Hajapiga.

Nimeinama kumfunga Dalal kilemba, iwapo ataondoka. Nywele zake zimekauka sasa. Nikazinusa, kama ninavyowanusa tangu wachanga. Ndimu. Sisi nyumbani tuna sabuni ya mafuta tu, ile ya mche, ya kufulia na kuogea. Ya ndimu sijawahi kuinunua.

Gari limefika, nasikia injini. Mahrus anaita kutoka nje nimfungulie, mikono yake imeshika blanketi. Rawya kapanda kitandani, kamkumbatia mwenzake kiunoni na mguu kausokomeza kwenye chaga za kitanda. Halii. Ananitazama mimi.

Daktari nimemwandikia kwenye simu, kwa vidole hivi hivi vilivyotia dawa. Nanakili hapa:

Salamu sana, Daktari Wagdi. Hujambo wewe na watu wa nyumbani kwako? Sisi hapa tuko macho, ila Dalal bado. Baba yake yuko mlangoni anataka kumbeba. Niambie kama umefungua. Tafadhali nijibu upesi.