Zamu ya Naftali Kusoma

Mama Naftali,

Lori limeshapiga honi, nashuka Same kusailiwa na yule Mzungu wa elimu pale bomani. Uji ulio kwenye bakuli la bati ni wa Naftali, mpashie akirudi. Mbuzi mwenye mimba asilale na wenzake, wanampiga pembe. Asante kwa kunipigia shati pasi. Leo sikustahili.

Ulipokwenda ndivani, kule bwawani, kufungulia shamba maji, tulisali bila wewe. Ilikuwa zamu ya Naftali kusoma. Akakwama kwenye neno moja, akarudia, akakwama tena. Mimi nawaza lori. Nikamnyang'anya Biblia nikampa Esta, mdogo wake, naye akasoma mbio mpaka mwisho. Naftali hakulia. Aliacha uji wake, akaenda shule bila kuniaga.

Na ni mimi huyu, mwalimu mzima, ninayeomba kwenda Uingereza kusomea saikolojia ya watoto shuleni. Kwenye maombi yangu nimeandika kwamba mtoto anayesoma polepole asifananishwe na mwenzake. Nicheke ukitaka, ila si mbele yake.

Jioni ~~asome Esta, Naftali apumzike~~ asome Naftali. Akikwama msimtajie neno upesi, na Esta akae kimya.



Biblia nimeiacha wazi hapa mezani, palepale alipokwama. Msiifunge.

Baba Naftali