Tairi Mbili za Nyuma

Embu, 7 Oktoba 2024

Kwa Njiru, mume wangu wa pili kwa jina la babu yako,

Uko hai? Mimi niko. Goti linauma, meno yaliyobaki yanatosha. Habari yako siijui, kwa sababu umenyamaza mpaka mawingu ya mvua yameanza kutoka upande wa Kiambere.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mama yako Makandi alikulea Meru mjini, na Kimbeere chako ni cha kuomba maji tu. Simu sitaki. Kwa simu nyanya yako unamwambia "sawa Cucu, sawa Cucu", kisha unakata. Kuandika nilijifunza kwa darasa la ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, na kalamu yangu haitakaa bure. Shangazi yako Ednah anaipiga barua picha na kukutumia. Nimemkataza kuisoma. Anaisoma.

Bado niko kwake, ghorofa ya tatu. Alinitoa nyumbani Ishiara ati kwa sababu ya goti, akanileta mahali pa ngazi. Huo ndio ujanja wa waliosoma. Kutoka asubuhi natazama mabati ya watu. Kuku akilia huko chini sijui ni wa nani.

Picha ya gari lako jekundu nimewaonyesha wamama wa kanisa. Liko chini chini kama paka anayevizia panya. Nimewaambia hiyo ni kazi ya Njiru. Susan wa kwaya akasema mtoto wake ana pikipiki, na hakuna aliyemjibu. Sasa andika. Linaendaje?

Cucu wako


Alberta, Canada, 19 Oktoba 2024

Kwako Cucu,

Nafurahi goti bado liko gotini na halijapanda kwingine. Mimi mzima, ila asubuhi vidole vya miguu sivisikii.

Gari linaenda vizuri. Shida ni pa kwenda. Nyumba ya wazee ninapofanya kazi iko mbali na chumba changu, kama Embu na Ishiara, na basi hakuna. Kibali changu cha kukaa hapa kimeandikwa jina la nyumba hiyo peke yake. Wakinifukuza kwa kutofika, siruhusiwi kufanya kazi kwingine, na theluji iko karibu kuanguka.

Gari hili ni la mbio, Cucu. Lilitengenezewa lami kavu. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma, na tairi zake ni pana, za wakati wa joto. Baridi ikiingia, mpira wake unakuwa mgumu kama ubao na haushiki. Nimeenda kwa muuzaji wa tairi. Zile za misimu yote anasema zinafaa mahali pa theluji kidogo, na hapa si kidogo. Ameniambia nichukue za baridi kali, ambazo mpira wake unabaki laini, na ziwe nyembamba kuliko hizi, kwa sababu tairi pana inapanda juu ya theluji badala ya kuikata ifike chini. Tena nne, zinazofanana.

Nne siziwezi kabla ya Krismasi. Nimefikiria niliuze, nichukue kuukuu lililoinuka kidogo, lenye tairi zake za baridi. Lakini desturi naijua. Aliyepewa jina la mzee hauzi kitu bila kumwambia mke wa mzee. Naomba ruhusa.

Mjukuu wako,
Njiru


Embu, 23 Oktoba 2024

Njiru,

Salamu. Goti vilevile. Hujauliza kuhusu macho, nayo yanaona.

Umeomba ruhusa, hapo umefanya vizuri. Jibu ni hapana.

Jina ulilobeba ni la mwanamume ambaye hakuuza hata jembe lililovunjika mpini. Wewe unawaogesha nyanya wa watu wengine huko ng'ambo, na mimi wa kwako nasubiri Ednah atoke kazini nipate mtu wa kunishika ngazini nikaote jua. Hilo nimelimeza. Gari ndilo lililonipa la kusema. Sasa nishuke niwaambie wamama limeuzwa kwa sababu ya baridi? Susan atacheka mpaka Pasaka.

Sikiliza nikufundishe. Mbogo unamjua, yule wa pikapu. Anabeba muguka kutoka Ishiara mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu majani ya muguka yakichelewa yananyauka na hakuna wa kuyatafuna. Matope yetu meusi unayajua, yanakuvua kiatu na kukuachia mguu. Mbogo anaweka tairi mpya za meno makubwa nyuma, mbili. Mbele ana vipara. Nyuma ndiyo inayofanya kazi, mbele ni ya kuonyesha njia tu. Nimepanda na yeye mara nyingi, nikikaa pale mbele kama mke wa chifu, na hatujawahi kukwama.

Theluji ni nini? Ni matope yaliyooga.

Nunua mbili, weka nyuma. Huyo mtu wako anakwambia nne kwa sababu yeye anauza tairi. Ukienda kwa mwenye kuuza majeneza, atakwambia unaonekana mgonjwa.

Cucu wako


Alberta, 9 Novemba 2024

Kwako Cucu,

Natumaini jua la Embu linakufikia huko juu. Mimi nina afya. Macho yangu pia yanaona, ingawa cha kuona ni kimoja, cheupe.

Nimefanya ulivyosema. Duka lilikataa kunifungia mbili. Wakasema ama nne ama niende. Nikapata mbili zilizotumika, na Yasser akanifungia hapa nje kwa jeki yake. Huyu Yasser ni mtoto wa Majengo, hapo Embu kwenu, tunakaa naye chumba kimoja. Alifunga akilalamika.

"Hili ni gari ama ni mkokoteni?" akaniuliza. "Nani anavaa kiatu mguu mmoja?"

Nikamwambia ni amri kutoka juu.

"Juu wapi?"

"Ghorofa ya tatu."

Gari sasa linaondoka bila kuteleza, hata kilimani. Kwenye kona linafikiria kwanza kabla ya kunitii, lakini naenda pole.

Chumba chetu kiko chini ya nyumba ya mtu. Dirisha lake liko sawa na ardhi, na sasa theluji imeliziba. Hatujui mchana umeisha saa ngapi. Naamka, nakoga, naenda kazini, narudi, nalala. Hakuna mahali pengine ninapoweza kufika.

Mjukuu wako,
Njiru


Embu, 2 Desemba 2024

Njiru,

Bado uko kwa hao wazee? Wasalimie. Waambie na mimi nimefungiwa, ila mimi sina mtu wa kunikogesha, na sitaki.

Umeona sasa? Linaondoka hata kilimani. Miaka yote mnayokaa shuleni, na hakuna anayewaambia gari linasukumwa kutoka wapi. Juzi Mbogo alipita kutuletea ndengu, nikamsimamisha mlangoni nikamweleza vile nimekufunza. Akacheka tu. Alikuwa na haraka, muguka ulikuwa juani.

Kwa nini hujibu simu ya Ednah? Yeye anasema uko kazini. Kazi gani haina jioni? Mvua hapa inanyesha na ngazi zinateleza, kwa hivyo hata kanisani sijaenda. Wamama wamekuja kuniombea nyumbani kama maiti. Niliwapa chai nikawaambia waniombee nikiwa nimesimama.

Andika.

Cucu wako


Embu, 21 Desemba 2024

Njiru,

Sikuulizi habari. Nimeuliza hujajibu.

Ednah anaongea na simu jikoni akiwa amefungua bomba la maji. Nani anaosha vyombo vya watu wawili kwa muda huo wote? Nikiingia ananyamaza. Nikimuuliza anasema, "Mama, Njiru yuko sawa, ni network tu." Mimi nimezaa saba na nimezika wawili. Sauti ya mtu anayesema yuko sawa naijua.

Kama umefungwa jela, sema. Kama umeoa, sema, nitakasirika kidogo. Kama kazi imeisha, rudi. Shamba la Ishiara liko na hakuna anayelima upande wa mto.

Nimekaa dirishani wiki hii yote kama picha. Kitu pekee ninachoweza kufanya kutoka hapa ni kuandika, na sasa hata kalamu imeanza kuandika nusu nusu.

Niambie mwenyewe. Usimpe Ednah anibebee.

Cucu wako


Alberta, 4 Januari 2025

Cucu,

Samahani kwa kukunyamazia. Niko hai, na hilo nataka ulisome kwanza kabla ya mengine. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mwishoni mwa Novemba nilikuwa natoka kazini. Kuna kona kabla ya kuingia barabara ya kwetu, si kali. Nilikuwa naenda pole. Nikakata usukani, magurudumu ya mbele yakageuka, nikayaona kwa macho yangu yamegeuka, lakini gari likaenda moja kwa moja kama mbuzi anayejua nyumbani. Mbele hakukuwa na kinachoshika. Nyuma zile tairi za baridi zilishika vizuri sana, zikanisukuma kwa nguvu mpaka mtaroni.

Gari likalala upande. Theluji ikabana mlango wangu, na ule mwingine ulikuwa juu kama dari, mzito, na bega langu lilikuwa limevunjika. Simu ilirukia mahali mkono haufiki, nikapiga honi mpaka ikaisha sauti. Kioo kikaganda kwa pumzi yangu. Nilikuwa ndani ya kitu chekundu chini ya kitu cheupe, Cucu, na nikajua hakuna anayenitafuta, kwa sababu Yasser alikuwa zamu. Dereva wa tingatinga la kusukuma theluji ndiye aliyeona taa moja ya nyuma.

Ednah nilimwomba asikwambie. Si kosa lake. Kila nilipoanza barua nilifika mahali pa tairi, nikaacha.

Kazini wamenivumilia mpaka bega lipone. Mwezi wa pili natakiwa nifike mwenyewe kila siku, la sivyo watachukua mwingine, na kibali changu kitakufa. Gari limenyooshwa. Naweza kukopa kwa Yasser ninunue nne, au niliuze nichukue kuukuu lililoinuka. Nakuuliza tena, kwa sababu ya desturi.

Mjukuu wako,
Njiru


Embu, 11 Januari 2025

Njiru,

Bega linaunga? Usilibebeshe kitu, hata mzee wa mtu. Kunywa supu ya mifupa, kama huko ng'ombe wao wana mifupa.

Nimesoma barua yako, nikamrudishia Ednah simu, nikamwambia anishushe. Akasema goti. Nikamwambia goti ni langu. Tumeshuka ngazi zote na tumefika sokoni mahali Mbogo anashusha muguka. Alikuwa amekaa juu ya magunia anatafuna bidhaa yake.

Nikamuuliza, "Mbogo, tairi mbili za nyuma kwa barafu, mtu anapona?"

Akaacha kutafuna. "Kwa barafu, Cucu? Hapana. Matope yana mikono. Yanalishika gurudumu la mbele hata likiwa na kipara. Mimi barafu nimeiona kwa soda tu, lakini haina mikono."

"Nilikueleza ukiwa mlangoni. Ukacheka. Mbona hukuniambia?"

"Wewe hukuniuliza, Cucu. Uliniambia."

Watu walikuwa hapo. Nikakaa kwa gunia lake. Ednah akafikiri ni goti.

Kuna neno unalolingoja, lile la mtu aliyekosa. Usilingoje. Babu yako alilingoja tangu harusi na akazikwa bila hilo. Lakini nakwambia hivi: usiku huo ukipiga honi, mimi nilikuwa hapa nimelala nikijisifu. Hilo linakaa na mimi, na mimi ndiye wa kukaa nalo, si wewe.

Hiyo desturi ya kuniomba ruhusa, mimi ndiye mke wa jina na mimi ndiye naweza kuifungua. Nimeifungua. Nne, mbili, uuze, usiuze, utembee kwa miguu, sina amri. Usiniulize tena. Amua, ufanye, kisha uniambie ulichofanya, na nitakutukana baadaye.

Wamama wa kanisa niachie mimi. Susan nimeshamwambia habari ya mtaro kabla hajaambiwa.

Cucu wako


Alberta, 2 Februari 2025

Kwako Cucu,

Umepanda ngazi salama? Ednah anasema ulipumzika kila ghorofa ukimlaumu aliyejenga. Bega langu limeunga, linasema tu baridi ikizidi.

Nimeamua. Nimeliuza lile jekundu kwa kijana anayelifungia ndani mpaka joto lirudi. Nimenunua la mama mmoja aliyeacha kuendesha. Limeinuka, ni la zamani, magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta. Tairi zake ni nne za baridi, nyembamba, zinafanana. Yasser alizipapasa meno moja moja, akaminya mpira kwa kidole, akatingisha kichwa kukubali. 

Jana nilienda kazini mara ya kwanza. Nilipoikaribia kona ile nilisimama kwanza. Nikageuza pole. Gari likageuka. Nikafika mapema, nikakaa ndani yake nje ya ile nyumba ya wazee mpaka zamu yangu ikafika.

Dirisha letu bado limezibwa. Wanasema mpaka Aprili. Nakutumia picha ya gari.

Mjukuu wako,
Njiru


Embu, 6 Februari 2025

Njiru, mume wangu,

Nilipanda salama. Habari ya goti usiniulize.

Nimeona picha. Hilo si gari, ni kabati. Rangi yake ni ya uji wa jana, na uso wake ni wa mtu aliyenyimwa. Huyo mama aliyekuuzia amekuona mjinga. Babu yako angekataa hata kubebwa nalo kwenda hospitali. Wamama wakiniuliza nitasema liko kwa fundi.

Umefika kazini, basi.

Ile kona, ukiifikia, punguza mwendo, hata kama tairi ni nzuri na hata kama umechelewa. Hiyo si amri. Nakuomba.

Cucu wako