Sauti ya Baba Asheri Ilivyofika Kisimani

Kambi ya Mkonge,
S.L.P. Tanga.
14 Agosti, 1956.

Mpendwa ndugu yangu Noa,

Pokea salamu nyingi kama majani ya mkonge, ukizihesabu utachoka. Hujambo huko Nairobi? Umezoea baridi, au bado unalala na koti? Sisi wazima, ila mdogo wako Tadeo aliumwa tena tumbo kwa maji yale yale ya kisima. Sasa anakula kuliko mimi, na mimi unanijua.

Haya, keti. Jumamosi alasiri gari la sinema lilikuja kambini, lina spika juu ya paa kama maua ya maboga. Kabla ya picha, Bwana Meneja alikubali kusikiliza haja za watu. Wazee wakamchagua baba yako aombe bomba la maji. Usicheke. Ndiyo, Baba Mkubwa Asheri, ambaye hata mboga ikikosa chumvi hasemi. Na mama yako alikwisha kumwambia kuwa bomba lisipokuja mwaka huu, yeye anamchukua Tadeo na kurudi Lushoto.

Mwenye gari, Haji wa Chumbageni, alimfundisha baba yako: mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, usikipulize, usipige kelele, sema kama na jirani. Mimi nilielewa kabla hajamaliza. Nikakijaribu kwa kutaja jina langu, likaenda hadi ukuta wa kiwanda likarudi. Noa, sijapata kusikia jina zuri kama lile.

Baba yako akaanza vizuri, hata pumzi yake tuliisikia juu ya paa. Lakini unajua desturi ya baraza kwetu milimani: msemaji hawapi wazee mgongo, huwageukia huku na huku. Naye akageuka. Kushoto, sauti ikapotea. Kulia, ikapotea tena. Bwana Meneja akaanza kutazama saa. Haji akamsihi asimame pale pale, naye akajibu taratibu kwamba hawezi kumwonyesha Mzee Abrahamu, aliyeketi kando yake, kisogo kwa ajili ya chuma.

Hapo akili yangu, ile aliyoidharau mwalimu, ikafanya kazi. Nikakinyanyua kipaza sauti pamoja na mguu wake wa chuma, nikamfuata baba yako. Akigeuka, nageuka.

"Wee kijana, utanikatia waya!" Haji akanikemea.

Nikamwambia aushike yeye basi. Watu wakacheka, kisha wakaanza kusikiliza. Ndugu yangu, ilikuwa sauti ile ile ya chini ya nyumbani kwenu, lakini imeenea kambi nzima kama mvua juu ya mabati. Nilisahau kazi yangu, karibu nikiangushe kipaza sauti.

"Bwana, mke wangu yuko kisimani sasa hivi," alisema. "Maji anayoteka ndiyo yanayomuumiza mtoto wangu. Njoo uyaone tu."

Kumbe kule bondeni, ambako hata ngoma yetu haifiki, wanawake walikuwa wanasikia kila neno. Tuliwaona wakipanda na ndoo vichwani, mama yako mbele. Akaitua yake miguuni pa Bwana Meneja, maji rangi ya chai ya maziwa. Bwana yule aliyatazama mpaka akavua kofia. Akasema mafundi waje Jumatatu.

Wamekuja. Ninapoandika wanachimba mtaro mbele ya mlango wenu. Habari za Lushoto zimekwisha. Baba yako amerudia kimya chake, lakini mama yako sasa akipita nyuma yake humgusa bega.

Nisalimie Shangazi Praxeda na dada Ruthi. Mungu akufunike kwa mkono wake, hata na baridi hiyo.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, mbeba sauti wa kambi nzima,

Ernesti