Vinundu vya Mbwa Wetu Kahawa

Kamembe, 14 Mei

Kaka yangu mpendwa Ridhwani,

Asalaam aleikum. Kabla sijakuuliza hali, acha nikuambie jambo ambalo hakuna mtu anayelijua hapa nyumbani. Tangu Machi, kila nikitoka shule, nakaa nyuma ya karakana ya Papa na kumpapasa Kahawa tumboni kwa mikono mitupu. Kisha naosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, na kuingia ndani kama mtu aliyekuwa akisoma. Sasa niambie, u mzima huko Huye? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi hatujambo. Maman anauliza kama unakula.

Nilianza kwa udadisi tu. Mbwa wako, uliyemleta kutoka Mururu akiwa anaenea ndani ya kofia, alikuwa na kitu kinachoning'inia karibu na mguu wa nyuma. Mushagalusa, yule anayempigia Papa msasa, alisema bibi kizee anaweka akiba ya maziwa, basi Papa ajiandae kuwa babu. Karakana nzima ilicheka. Kwa kuwa kwetu hakuna anayemgusa mbwa, hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Nilihesabu chuchu kumi, tano kila upande. Chini ya ile ya nne ya kushoto palikuwa na kinundu kigumu kama punje ya mahindi, na chini ya ile ya tano kingine kama ndimu changa. Nilivipima kwa rula kila Ijumaa. Kikubwa kilitoka milimita kumi na tisa hadi ishirini na saba. Kitabu cha maktaba kilisema mbwa jike hupata uvimbe wa matiti kama wanawake, hasa kwenye chuchu za nyuma, na kwamba karibu nusu ya uvimbe huo si saratani. Ile nusu nyingine ilinikosesha raha.

Nilimwambia Papa kwamba Kahawa anaumwa, bila kutaja wapi. Alimwita Védaste, veterineri, yule daktari wa wanyama wa sekta yetu. Védaste alibonyeza, akasema vinundu vinateleza chini ya ngozi, havijashika nyama, na hilo ni jambo zuri. Ila vikatwe upesi, kabla havijapita sentimita tatu na kuanza safari ya mapafuni. Nilikuwa na maswali ishirini, nikauliza moja: kwa nini chuchu za nyuma? Alifurahi, akasema huko ndiko nyama ya maziwa ni nyingi.

Halafu akamuuliza Papa kwa nini mbwa hakuondolewa kizazi akiwa mdogo. Angeondolewa kabla ya joto la kwanza, lile la kutaka dume, alisema, ugonjwa huu ungekuwa nadra sana kumpata. Papa akajibu kwamba hakuna aliyetuambia. Védaste akasema kwa upole, Mzee, nilituma ujumbe siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Papa alikasirika. Alisema basi aliutuma nyumba nyingine, na kwamba muntu anayemsingizia mbele ya mafundi wake hatashika kisu juu ya mnyama wake. Védaste alifunga mkoba akaondoka.

Kaka, hakusema uongo. Ujumbe alinipa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, nimeshika kamba ya Kahawa kwenye foleni. Niliurudia njia nzima, lakini nilimkuta Papa na wateja watatu, wanaume, na sikuweza kutamka joto wala kizazi mbele yao. Nikasema daktari amesema mbwa ni mzima. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, na hivyo nikanyamaza miaka sita.

Siku mbili baada ya Védaste kuondoka nilimwendea Papa akiranda mlango, Mushagalusa akiwa palepale, nikasema yote kuhusu ule ujumbe, pamoja na yale maneno mawili. Papa aliendelea kuranda hadi mwisho wa ubao. Kisha akanipa simu, akasema nipige mimi, halafu nimpe yeye aombe radhi. Nilipiga.

Jumamosi Védaste alimchoma Kahawa sindano ya usingizi na kumpasua juu ya meza ya karakana. Nilimshikia miguu ya nyuma mpaka mshono wa mwisho. Vinundu vimepelekwa Kigali ndani ya chupa, majibu bado. Jana Kahawa alikunywa mchuzi.

Wote wanakusalimu, na Mushagalusa pia. Ukinikasirikia, niandikie hivyohivyo.

Mdogo wako,
Uwase