Maneno ya Kujazia

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, halafu nyingine juu yake. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha au bado unalala sakafuni? Mimi mzima, ila mgongo tu, na mgongo wenyewe umekuwa kama mpangaji sugu, haulipi wala hauhami.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nasahau nililotaka kusema, na mara salio limekwisha. Dereva wa lori la unga amelala hapa kwenye nyumba ya wageni, nimemfulia shati lake bure ili akufikishie barua. Anasema duka la kopi unalokaa analijua.

Sasa hili la biashara. Muda wote ulipokuwa chuo nilijua ukitoka utaajiriwa, ukae kwenye kiti kinachozunguka. Sasa unaniambia umeanza kazi yako mwenyewe ya kutengeneza tovuti, na jina lake ni Buibui. Nikawatangazia watu hapa kazini. Mpishi akaniuliza kama unalo buibui la kitambaa chepesi, lisiloshika joto. Nikamwambia si la kuvaa, ni yule mdudu, eti intaneti yote ni utando. Akanitazama weee. "Kwa hiyo umefua mashuka miaka yote hii, umevuna mdudu?" Nikacheka. Lakini moyo haukucheka.

Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Tovuti inakaa wapi? Na unakula?

Mimi mama yako.


Tarehe 21 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umekupa nafuu. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, na nakula, usiwe na wasiwasi.

Tovuti, Mama, ni kama kibao cha dukani, ila hakipigiliwi ukutani. Kinakaa kwenye simu za watu. Mtu akitafuta kinyozi, anaona kibao cha kinyozi, picha zake na namba yake. Mimi ndiye fundi wa vibao hivyo. Meza yangu iko kona ya duka, kati ya mashine ya kopi na rafu ya bahasha. Mashine ikianza kazi meza inatetemeka, na mimi natetemeka nayo. Mwenye duka ni mtu mwema. Ananiita Injinia, halafu ananituma karatasi.

Wateja wagumu, Mama, sikufichi. Kinyozi wa hapa jirani kaniambia vichwa haviji kwa intaneti, vinakuja kwa miguu. Mwenye shule ya udereva kaniambia nitengeneze kwanza aone. Nikatengeneza, akaona, akasema ahsante. Niliosoma nao wakikutana nami wanauliza, "Bado upo upo tu?" Kuna siku nafungua kompyuta ili tu nionekane nina kazi.

Lakini sasa nimepata mteja wa kweli! Ni wakala wa ajira, anapeleka vijana kufanya kazi nje ya nchi. Kaja na tai na haraka zake, akataka kila kitu wiki hiyohiyo, na nimemaliza. Tafuta mwenye simu ya kugusa akufungulie, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Shuka mpaka chini kabisa. Utaona kwa herufi ndogo: Imetengenezwa na Buibui. Huyo ni mimi.

Mwanao.


Tarehe 5 Machi

Mwanangu, Buibui wangu,

Habari za huko? Sisi hapa wazima, na leo ni zaidi ya wazima.

Nilikwenda kwa Mama Pacha wa mlango wa pili, yule aliyekuwa akikusuka ukilia. Pacha wake mkubwa amemaliza shule, yuko nyumbani tu, kazi hana. Ndiye mwenye simu. Nikamwambia, "Shuka, shuka mpaka chini." Akasema, "Mama mkubwa, tusome ya juu kwanza, mbona una haraka ya mkiani?" Tukacheka sana.

Basi akatusomea maneno ya wale waliokwisha kwenda, na picha zao. Kuna msichana mmoja kajifunga kitambaa cha njano. Anasema: "Mama yangu amefua mashuka ya watu maisha yake yote. Sasa nimemwambia atue beseni, akae, zamu yake imekwisha." Mwanangu, machozi yalinitoka palepale. Nikasema huyu mtoto kalelewa. Mama Pacha akasema, "Kumbe wafuaji mko wengi duniani." Lakini na yeye alikuwa anajifuta.

Halafu tukashuka mpaka chini, tukaliona jina lako. Mama Pacha akaniuliza, "Hawa ni watu wa kweli?" Nikamjibu, "Mwanangu ndiye kaitengeneza. Mwanangu hajanidanganya hata chenji ya chumvi." Pacha mkubwa akanakili namba.

Nimefanya vizuri, sivyo? Nimempelekea mteja wako mteja.

Mama yako.


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana barua hujajibu na simu hupokei. Dereva ananiapia kwamba alikupa mkononi. Kama unaumwa niambie. Kama umenikasirikia niambie pia.

Pacha mkubwa aliondoka. Yule mwenye tai alikuja mwenyewe kumchukua, akabeba na vyeti vyake. Binti alipofika akapiga simu, akasema wamemnyang'anya hati ya kusafiria, eti ni utaratibu. Baadaye akapiga tena. Alisema, "Mama, si kazi tuliyoambiwa," ikasikika sauti ya mtu, simu ikakatika. Tangu hapo kimya. Namba ya wakala haipatikani.

Mama Pacha alikuwa anakuja kwangu taratibu. "Hebu muulize mwanao." Namwambia nimeuliza, nasubiri. Jana tukiwa kwenye foleni ya bomba akasema mbele za watu, "Kweli ni buibui. Katega, mwanangu kanasa." Watu wakaguna. Nilichukua ndoo yangu haijajaa nikaondoka.

Nimewaza jambo moja. Mtafute yule msichana wa kitambaa cha njano, ambaye mama yake anafua kama mimi. Yeye alifika salama na kazi akapata. Mwambie kuna mwenzake amepotea hukohuko. Mtoto aliyemwandikia mama yake vile hawezi kukataa kusaidia.

Nakungoja. Roho yangu iko juu juu.

Mama.


Tarehe 11 Mei

Shikamoo Mama,

Siwezi kukuuliza hali, maana najua.

Hakuna msichana wa kitambaa cha njano.

Picha niliitoa kwenye intaneti, ni mtu wa mbali asiyejua lolote. Maneno niliandika mimi. Sisi mafundi, ukurasa ukiwa haujakamilika, tunaweka maneno ya kujazia, ili mteja aone nafasi itakavyokaa, kisha yeye analeta ya kwake. Nilimwambia alete maneno ya watu aliowapeleka. Akasoma yangu, akasema, "Haya yanatosha. Yanagusa." Nikayaacha. Nilijua si sawa. Lakini ndiye mteja pekee aliyekuwa hajaniambia njoo kesho.

Anayefua mashuka ni wewe, Mama. Niliandika nililotamani kukuambia siku moja. Sikuwa namwita mtu asafiri.

Barua yako ya Machi niliisoma, nikaificha chini ya kibodi. Kila siku nilisema kesho nitajibu. Ningejibu siku ileile, asingeondoka.

Namba ya mtu yule hata mimi sipati. Lakini kompyuta yangu ina jumbe zote alizonitumia, na kitambulisho chake, na namba nyingine za watu wake wa huko nje. Nikienda polisi, watauliza nani aliandika uongo huu, na jina lililo chini ya ukurasa ni langu. Nimefika hadi nje ya kituo nikarudi.

Usimwambie Mama Pacha. Nakuomba sana. Nipe muda kidogo nifikiri.

Mwanao.


Tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Nilisoma barua yako nimesimama katikati ya kamba, mashuka yananipiga usoni, nikaona afadhali yanipige.

Nimemwambia.

Usiseme nimekuuza. Nilikaa na barua yako kifuani siku mbili, na kati yangu na yule mwanamke ni ukuta wa mabati. Namsikia akimpigia mwanawe. Namsikia yule mwanamke wa kwenye simu anayemjibu kwamba namba haipatikani, naye anamwambia, "Ahsante." Eti ahsante! Ningewezaje?

Nilidhani atanirukia. Alikuwa anakunja nguo za binti yake, akaendelea kukunja. Akaniuliza tu, "Hiyo kompyuta iko wapi?" Nikamwambia.

Tunakuja Alhamisi, mimi na yeye. Tutakwenda kituoni sote watatu. Wakikuuliza, utasema ulivyoniandikia mimi, na mimi nitakuwa nimekaa karibu yako. Wakikuweka ndani, nitalala nje ya mlango, mimi na sakafu tunajuana. Lakini hizo namba zitoke, mwanangu. Huyo mtoto ana mtu anayemngoja.

Jikaze kisabuni. Usiogope uso wangu. Sijabadilika.

Mama yako.


Alhamisi, hapa dukani

Mwanangu,

Naandikia mezani kwako. Mashine inafanya kazi, ndiyo maana mwandiko unaruka.

Mwenye duka anasema ulikuwa umekaa hapa tangu anafungua. Ukatuona tunavuka barabara, ukamwambia, "Narudi sasa hivi." Ametuonyesha uchochoro uliopitia. Kiti kilikuwa bado na joto lako.

Kompyuta uliiacha wazi. Lakini tulipoingia mwenye duka akainuka kutupokea, akatafuta viti, akatuuliza habari za nyumbani, habari za safari, sisi tukajibu njema, njema kabisa, wewe hapa hujambo? Na wakati tunasalimiana kioo kikazima. Alipokigusa kikaomba neno la siri.

Tumeibeba mpaka kituoni. Afande kaiona, akasema bila mwenyewe hili ni sanduku tu. Wapo mafundi wa serikali wa kufungua, lakini foleni yao ni ndefu, na hawezi kutuahidi kitu. Tukarudi nayo hapa. Mama Pacha akamwambia mwenye duka, "Jaribu kuandika mama." Akaandika. Haikufunguka. Akajaribu Buibui. Nayo ikakataa. Akasema tukizidi kukosea itajifunga moja kwa moja, akaondoa mikono.

Simu yako imezimwa. Tumekaa benchi moja, yeye anapiga ya kwake, mimi napiga ya kwangu. Hajanitukana. Tangu asubuhi hajanitukana hata kidogo, na amenigawia maji yake.

Barua hii namwachia mwenye duka. Najua utapita, hata kama ni kwa kuchungulia. Sikuambii urudi. Nataka urudi, lakini sikuambii. Liandike hilo neno kwenye karatasi, ulipitishe chini ya mlango, uende zako. Tutakaa hapa mjini mpaka Jumapili.

Neno tu, mwanangu. Hata salamu usiweke.

Mama.